Somo: Kuuandaa mwili wa mtu wa Tanga kwa safari ya Kilimanjaro

Ndugu wanachama, sisi tuliokulia mita chache tu juu ya usawa wa bahari hudhani kwamba tatizo la mlima ni baridi, tukahangaika na makoti ya mitumba, na suala la pumzi tukalisahau mpaka litukute njiani. Somo hili ni kwa wanaojiandaa kupanda kwa njia ya Marangu.

Hatua ya kwanza ni kuelewa kinachopungua. Hewa ya Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, na ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, zote zina oksijeni karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza mapafuni karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. (Kwa sababu hiyo hiyo maji huko huchemka kwenye nyuzi kama 80, na maharage hayaivi ng'o.)

Hatua ya pili ni kujua mwili unavyojitetea. Vihisi vidogo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingoni hugundua upungufu wa oksijeni na kuamuru upumue haraka, na moyo nao huongeza mapigo. Lakini kupumua haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, damu ikapoteza uwiano wake wa asidi, na figo hulazimika kuurekebisha kwa kutoa baikaboneti (kemikali inayopunguza asidi ya damu) kwenye mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa. Chembechembe nyekundu za damu nazo huongezeka, ila kwa wiki nyingi, kwa hiyo katika safari ya siku sita usizitegemee.

Hatua ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko zote, ni kuhesabu usiku. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama vibanda vya Marangu: Mandara ni karibu mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Kila usiku unaruka mita 1,000! Ndiyo maana nasisitiza usiku wa ziada pale Horombo, ambapo mchana unapanda hadi kama mita 4,000 kisha unarudi chini kulala. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye koti; usiku huo usiuguse.

Hatua ya nne ni dalili. Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu na chakula hukitamani, usipande zaidi mpaka upone. Mtu akiyumba kama mlevi au akizungumza yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Akihema hali ameketi na kukohoa mapovu, mapafu yanajaa maji. Huyo ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi hukimbia kilomita 10 kila asubuhi. Bado nahitaji huo usiku wa Horombo?
Jibu: Unauhitaji, ndugu yangu. Wepesi wa miguu hauharakishi kazi ya figo, na vijana wenye mbio ndio huwapita wapagazi wanaowaambia "pole pole", kisha jioni wakalala na kichwa kinachowagonga.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzamiaji wa Kigombe na natumia mtungi. Nikitoka baharini asubuhi, naweza kwenda Lushoto jioni kufanya mazoezi?
Jibu: Marahaba, mwanangu. Usithubutu. Ukiwa chini ya maji nitrojeni huyeyuka ndani ya damu, na ukipanda mapema hadi Lushoto, karibu mita 1,400, mgandamizo unapungua na nitrojeni hiyo inaweza kutoka kwa viputo, mfano wa soda iliyofunguliwa, vikaumiza viungo au hata uti wa mgongo. Subiri saa 24.

Swali: Mdogo wangu ana selimundu, nami nimepimwa nikaambiwa nimerithi kwa mzazi mmoja tu. Twende sote?
Jibu: Mdogo wako asiende, maana upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozikunja chembe zake za damu. Wewe, ingawa pwani hujawahi kuugua, unaweza kupatwa na maumivu makali ya bandama ukiwa juu, kwa hiyo onana na daktari kabla ya kulipia safari, na kiongozi wa msafara mweleze hali yako mapema.