Kuuza Nyumba Dar: Anza na Karatasi, Rangi Baadaye

Nimetoka kumsaidia mama mmoja kuuza nyumba ya urithi Tabata, na nimeona niziandike hatua zenyewe. Nazungumzia nyumba yenye hati ya umiliki. Isiyo na hati ina njia yake.

1. Jina kwenye hati

Hapa ndipo mauzo mengi hukwama. Hati ikiwa bado na jina la marehemu, si mjane wala mtoto mwenye mamlaka ya kuuza, hata awe ameishi humo maisha yake yote. Familia ikae kikao, muhtasari uandikwe na kusainiwa, upelekwe mahakamani pamoja na cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), mahakama iteue msimamizi wa mirathi.

Wengi wakishapata barua ya mahakama huanza kutafuta mnunuzi. Bado! Barua hiyo ipelekwe kwa Msajili wa Hati, msimamizi asajiliwe kwenye hati kwa nafasi yake hiyo. Ndipo saini yake itahamisha nyumba.

Linganisheni majina herufi kwa herufi: hati, cheti cha kifo, kitambulisho cha NIDA. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule vinatosha kurudisha faili. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili, na kiapwe mapema, kabla mnunuzi hajaja na fedha.

Msimamizi anaweza kusaini peke yake, lakini mimi nasisitiza warithi wote waandike ridhaa, hata yule aliyeko Muscat asiyepokea simu. Zile kuta za Dar zilizoandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI" kwa rangi nyekundu, mara nyingi nyuma yake kuna ndugu ambaye hakuulizwa.

Kwa muuzaji mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Hata kama jina lake halimo kwenye hati, ridhaa bado inatakiwa. Kaeni naye mkamsikilize, msimletee karatasi ya kusaini tu.

2. Madeni

Lipa kodi ya ardhi ya miaka yote pamoja na bili ya maji. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, ila ulizia kama kuna deni la nyuma.

3. Bei

Tafuta mthamini aliyesajiliwa. Bei ya jirani si kipimo, na ripoti ya uthamini utaihitaji wakati wa kuhamisha umiliki.

4. Nyumba yenyewe

Safisha, tengeneza bomba linalovuja, paka rangi nyeupe au krimu. Ila kama chumvi imepanda ukutani karibu na sakafu, usiifiche kwa rangi. Mnunuzi mzoefu huinama, akakwangua kwa kucha. Rangi ikibanduka na unga mweupe ukamwagika, ataanza kutilia shaka hadi msingi. Bandua lipu iliyoharibika, acha ukuta ukauke, ndipo upige lipu upya.

5. Dalali

Chukua mmoja, kwa mkataba wa maandishi unaotaja kamisheni na bei ya chini. Madalali watano wataitangaza nyumba kwa bei tano, kila mmoja akiweka cha juu, na mnunuzi ataona kuna utapeli. Nakala ya hati usimpe. Mnunuzi wa kweli aende mwenyewe kufanya upekuzi kwa Msajili, yaani kuhakiki kumbukumbu za hati.

6. Mauziano

Fanyieni kwa wakili, fedha zipite benki. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kwa hiyo zitafute stakabadhi za ujenzi na ukarabati; kila iliyopotea inakuongezea kodi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini TRA (mamlaka ya mapato). Hati halisi ibaki kwa wakili mnayemwamini wote wawili mpaka malipo ya mwisho yaonekane kwenye akaunti. Hapo ndipo funguo zikabidhiwe kwa maandishi, pamoja na namba ya mita ya LUKU na usomaji wa mita ya maji wa siku hiyo.