Kabla Dawa Haijakukausha Kinywa: Maandalizi ya Mgonjwa na Watu wa Nyumbani, Lamu

Hapa Amu kuna wazee walioacha dawa zao kimyakimya. Bei haikuwashinda, wala hawakukata tamaa na maradhi. Ulimi ulikuwa ukinata kaakaani, wali hauteremki bila maji, na usiku usingizi unakatika kwa ukavu wa koo. Kliniki hawakueleza, nyumbani pia hawakusema, mpaka presha ikapanda tena au maumivu ya mishipa yakarudi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kinywa kukauka ni adha inayojulikana mapema kwa dawa nyingi, na linalojulikana mapema hutayarishiwa. Ninayoyaandika hapa yafanywe kabla ya kidonge cha kwanza, au leo hii ikiwa umeshaanza.

Anza kwa kuijua dawa. Mate hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, na kuna tezi nyingine ndogo kwa mamia midomoni na mashavuni. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na akilala hutoa kidogo sana. Tezi hizi huamrishwa na mishipa ya fahamu kupitia kemikali iitwayo asetilikolini, na dawa nyingi huizuia kemikali hiyo isifanye kazi yake. Nyingine hupunguza maji ya mwili, mate yakapungua nayo. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye pakiti ili ulinganishe: amitriptyline, inayotolewa kwa sonona na pia kwa miguu inayochoma ya mwenye kisukari, oxybutynin ya wanaobanwa na haja ndogo kila mara, chlorpromazine, haloperidol na benzhexol kwa wagonjwa wa akili, furosemide, ile ya kupunguza maji, clonidine na methyldopa za presha, tramadol ya maumivu, Buscopan ya tumbo, na Piriton, ambayo haikosi kwenye droo ya nyumba yoyote.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Bibi anameza amitriptyline kila usiku, anashikwa na mafua, mjukuu anatumwa dukani anarudi na Piriton. Hakuna aliyekosea kwa nia, lakini sasa dawa mbili zinaziba njia ile ile. Kinywa kinakauka zaidi, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu, mkojo unakataa kutoka, na kwa mtu mzima sana akili huweza kuvurugika akaanza kusema yasiyoeleweka. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Basi kabla ya kuanza dawa mpya, kusanya kila kitu kwenye mfuko mmoja: vidonge vya hospitali, vya dukani, dawa ya kuvuta ya pumu, hata dawa za miti shamba. Upeleke mfuko wote kwa daktari au kwa mwenye duka la dawa, na uulize wazi: “Daktari, hii itanikausha kinywa? Na nikiimeza pamoja na hizi je?” Uliza pia saa ya kuimeza, kwani kuna dawa ambazo kuzihamisha saa tu kunapunguza adha. Usiihamishe mwenyewe.

Pili, kinywa kikaguliwe kikiwa bado kina mate. Jino lenye tundu dogo leo, mate yakiondoka, huoza haraka, kwa sababu mate ndiyo yanayozimua asidi na kurudishia jino madini yake. Uozo wa namna hii hupenda kuanzia chini, pale jino linapokutana na ufizi, mahali ambapo mtu hatazami. Anayekuja Amu kwa mashua kutoka Faza, Kizingitini au Kiunga kufuata dawa, aulizie mapema siku ya daktari wa meno ili safari iwe moja. Mwenye meno ya bandia ayapeleke nayo. Bila mate hayashiki vizuri, huchezacheza na kuchubua ufizi.

Siku hiyo jitazame na wewe kwa tochi, ili ujue kinywa chako kilivyo kabla ya dawa. Nyanyua ulimi: chini yake panapaswa kuwa na kidimbwi cha mate. Ulimi wenyewe uwe na unyevu unaong'aa, usiwe na nyufa. Madaktari wa meno hugusisha kioo chao kidogo kwenye ngozi ya ndani ya shavu. Kikinata badala ya kuteleza, kinywa kimeshakauka. Mgongo wa kijiko safi utakupa fununu ile ile. Rudia kutazama baada ya wiki mbili za dawa na utaona tofauti mwenyewe, badala ya kubishana na watu kama kweli unaumwa au unadeka.

Maji yana habari yake. Mji wetu hutegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, lakini si kila bomba wala kila kisima hutoa maji yasiyo na chumvi, na maji ya chumvi hayaondoi ukavu, tena hayamfai mwenye presha. Tenga ya kunywa peke yake. Chupa ndogo yenye kifuniko ikae kitandani, nyingine itembee nawe mfukoni au kwenye kikapu. Kunywa kwa kuonja, mafunda madogo mara nyingi. Kugugumia jagi zima kwa pamoja kunakupeleka msalani tu na kinywa kinarudi kukauka. Mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji asikivuke kwa ajili ya kinywa: anyonye vipande vya barafu au asukutue na kutema. Na kwa mgonjwa wa figo, madafu yana potasiamu nyingi, kwa hiyo aulize kwanza.

Sasa nije kwenye linaloharibu meno ya watu wengi zaidi kuliko dawa zenyewe. Kinywa kikikauka, mkono huenda kwenye kitamu au kikali. Pipi ya kumumunya mchana kutwa, soda baridi, chai ya maziwa yenye vijiko vinne, maji ya ukwaju, embe bichi la pilipili, kipande cha ndimu shavuni. Ndimu na ukwaju huvuta mate kweli, sikatai. Lakini gamba la jino huanza kuyeyuka asidi inapofikia kiwango cha kama 5.5 kwenye kipimo cha pH (namba ikishuka, asidi huwa kali zaidi), na ndimu iko chini ya hapo kwa mbali. Mwenye mate ya kutosha huisafisha asidi hiyo baada ya muda. Mwenye kinywa kikavu hubaki nayo, na akimumunya kila saa meno hayapati nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo halwa na tende zibaki, ila ziliwe pamoja na mlo halafu usukutue. Zisiwe kitu cha kudokoa kutwa. Cha kutafuna kiwe chingamu isiyo na sukari, na ile yenye zailitoli ndiyo bora, kwa sababu bakteria wa kinywani hawawezi kuigeuza asidi. Inunue kabla, kwani si kila duka linayo. Kutafuna kwenyewe kunaamsha tezi ambazo bado zinafanya kazi.

Tambuu lazima nilizungumze, maana najua nyumba ambazo sinia ya uraibu ndiyo heshima ya mgeni. Popoo, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, huleta mate mengi, ndiyo maana bibi zetu wenye kinywa kikavu huiona dawa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, limeiweka popoo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, iwe na tumbaku au bila tumbaku. Pia hukaza nyama za mashavu mpaka mtu akashindwa kupanua kinywa. Ngozi ya ndani iliyokosa mate ni nyonge zaidi mbele ya chokaa. Sitaki kumvunjia bibi yeyote heshima, ila nikiulizwa na mamangu nitamwambia aache. Miraa nayo hukausha kinywa yenyewe, bila msaada wa dawa, na soda inayosindikiza miraa humaliza kazi. Mwenye presha ana sababu ya pili ya kuikaa mbali.

Jikoni, mpishi aambiwe mapema. Mkate wa mofa mkavu, biskuti, viazi karai na samaki mkavu vitamtesa mgonjwa. Mofa hiyo hiyo ikilowekwa kwenye mchuzi inateremka. Wali wa nazi na kunde zenye rojo, samaki wa kupaka, uji, mtindi, papai lililoiva, vyote hivi vinafaa. Pilipili ipunguzwe kwenye chungu, kila mtu ajiongezee sahanini. Ladha huenda ikapungua pia, na mtu akamimina chumvi bila kujua. Ndimu kidogo ndani ya mchuzi au dania ya kutosha husaidia zaidi ya chumvi.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na mara ya usiku isikosekane, kwa kuwa mate ya usiku ni machache zaidi. Angalia bomba la dawa ya meno: tafuta yenye floridi ya kati ya 1350 na 1500 ppm, namba huandikwa ubavuni. Ukimaliza, tema tu, usisukutue, ili floridi ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, nao uendelee, ila ulowekwe ulainike kwanza kwa sababu ufizi mkavu huchubuka, na usiwe badala ya dawa yenye floridi. Dawa za kusukutua zenye pombe huzidisha ukavu. Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue na kutema kila baada ya kuvuta, asije akaota fangasi. Meno ya bandia yavuliwe usiku.

Ramadhani inataka mpango wake, na mpango huo ufanywe Shaaban. Miaka hii mwezi unaangukia kaskazi. Ule wa 2027 unatarajiwa kuanza mapema Februari, joto likiwa kali. Aliyefunga hawezi kuonja maji, hawezi kutafuna chingamu, na saa za mchana ni nyingi. Nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, umuulize kama dozi zinaweza kuhamia baada ya futari na wakati wa daku, na kama kufunga kwenyewe ni salama kwako. Anayetumia lithium, dawa ya wagonjwa wa akili, asifunge bila ruhusa, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa hiyo hujikusanya kwenye damu ikawa sumu. Mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi ndani ya Suratul Baqara, na ustadh wako atakufafanulia. Anayefunga asukutue kwenye udhu bila kupitiliza, atumie mswaki kabla ya adhuhuri (baada ya hapo wanavyuoni wengi wa Kishafi wanauona makuruhu), akae kivulini, na daku yake isiwe na vyakula vya chumvi nyingi. Baada ya futari kaimati na sharubati ziliwe kwa kikao kimoja, kisha mswaki. Kudokoa mpaka daku ndiko kunakotoboa meno.

Kuna hatari moja ndogo ambayo watu wachache huambiwa. Kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi huhitaji unyevu ili kiyeyuke. Kinywa kikiwa kikavu, lowesha kwa funda moja la maji kwanza, ndipo ukiweke. Vidonge vya kumeza navyo hukwama kooni, na baadhi, kama doxycycline, huunguza vikikwama. Vimeze umekaa wima, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze papo hapo.

Usiilaumu dawa kwa kila kitu. Kiu kali pamoja na mkojo mwingi ni dalili za sukari kupanda, pima. Kinywa na macho vikikauka pamoja na viungo kuuma, mwambie daktari, kuna maradhi ya namna hiyo. Kulala kinywa wazi chini ya feni pia hukausha.

Wiki mbili zikipita na hali haivumiliki, rudi. Kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha dawa, kuna mate ya kutengenezwa ya kupulizia kinywani, na kwa baadhi ya wagonjwa kuna vidonge vya pilocarpine vya kuamsha tezi. Ulichokatazwa ni kuacha ghafla. Clonidine ikikatwa siku moja, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na dawa za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na usingizi wa maruweruwe. Usingoje wiki mbili ukiona utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu, uvimbe wenye maumivu chini ya taya au mbele ya sikio pamoja na homa, mkojo uliokataa kutoka, au mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, na wa visiwani atafute chombo kabla maji hayajatoka, mfuko wa dawa zote ukiwa mkononi.