Mswada Umeshatumwa: Namna ya Kuutumia Muda wa Kusubiri Matokeo ya Shindano la Hadithi

Semina za uandishi hutufundisha kuumba wahusika, kusuka matukio na kuchunga lugha, na matangazo ya mashindano hutueleza idadi ya maneno na tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, lakini ni nadra kumpata mtu wa kutueleza namna ya kuishi katika ile miezi inayofuata baada ya mswada kutumwa. Hapa Tanga, mkoa alikozaliwa Shaaban Robert na alikozikwa, kijana akishajulikana kwamba anaandika hadithi hulinganishwa na mzee huyo kabla hata hajamaliza sura ya pili, na habari kwamba ameshiriki shindano husafiri kutoka Chumbageni hadi Makorora kwa siku chache tu. Miezi ya kusubiri humwelemea kwa sababu anasubiri yeye na wanasubiri wanaomzunguka. Mwongozo huu unawahusu waandishi hao, na msimamo wangu ni kwamba muda wa kusubiri ni muda wa kazi, tena kazi iliyo na mpangilio wake.

Fahamu kwanza ukimya unatoka wapi

Jambo linalowaumiza wengi ni ukimya. Wiki zinapita, baruapepe haina kitu, na mwandishi anaanza kuufasiri ukimya huo kama kwamba ni jibu. Ni vyema basi kujua kazi inavyokwenda upande wa pili. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea pia hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili na haitozi ada, ilipokea zaidi ya hadithi 7,000 mwaka 2024. Hadithi zinazotakiwa ni za maneno 2,000 hadi 5,000. Tukichukulia kwamba msomaji makini hutumia dakika 20 kwa kila hadithi, hadithi 7,000 zinahitaji zaidi ya saa 2,300 za kusoma, yaani karibu siku 290 za mtu mmoja anayesoma saa nane kila siku bila kupumzika. Ndiyo maana kazi hiyo hugawanywa kwa kundi la wasomaji wa awali, kisha orodha hupunguzwa, kisha waamuzi wenyewe husoma zilizobaki na kujadiliana. Dirisha la tuzo hiyo hufungwa mwanzoni mwa Novemba, na mshindi wa jumla hutangazwa katikati ya mwaka unaofuata. Anayetarajia jibu mwezi Januari anajitesa bila sababu.

Riwaya huchukua muda zaidi. Mswada wa maneno 50,000 humtaka msomaji wa kawaida saa nne na ushei, na mwamuzi makini huurudia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya uratibu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, iliwatangaza washindi wake wa kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na zawadi ya mshindi wa kwanza ilikuwa shilingi milioni 10. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupitia hatua ya orodha ya walioteuliwa kabla ya kutaja washindi. Basi andika katika kalenda yako tarehe ambayo waandaaji wenyewe wameitaja, na kabla ya tarehe hiyo usiwapigie simu wala kuwaandikia kuuliza. Ikiwa tarehe imepita kwa mwezi mzima bila tangazo, ujumbe mmoja mfupi wa heshima unatosha.

Lifunge jalada la mswada uliotumwa

Siku ile ile uliyotuma, weka pamoja vitu vinne: nakala kamili ya kile ulichotuma bila kubadilisha hata nukta, ujumbe wa kuthibitisha kwamba kimepokelewa, kanuni za shindano kama zilivyokuwa siku hiyo, na tarehe. Tuma nakala moja kwenye baruapepe yako mwenyewe, weka nyingine kwenye flashi, na kama uwezo upo nenda steshenari ukachapishe moja ya karatasi. Simu huibiwa na kompyuta huharibika, na mswada hauna mahali pengine pa kukaa isipokuwa pale ulipowekwa. Riwaya mbili za Shaaban Robert, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, na tunazisoma leo kwa sababu miswada ilikuwapo.

Baada ya hapo, usiufungue. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona waandishi wenye kipaji wakiirudia hadithi waliyokwisha kuituma kila usiku, wakitafuta makosa, na kila kosa walilolipata likawaondolea usingizi. Neno moja lililokosewa herufi halimnyimi mtu tuzo. Kumwandikia mratibu ukimwomba akubadilishie faili kwa ajili ya koma iliyokosekana hakusaidii, na katika mashindano mengi hakuruhusiwi. Makosa utakayoyakumbuka yaandike katika daftari, ukurasa mmoja, ukiuweka kwa ajili ya siku ambayo mswada utakuwa huru tena.

Lipo pia suala la kuchapisha. Mashindano mengi hutaka kazi ambayo haijawahi kuchapishwa popote, na neno popote linajumuisha ukurasa wa Facebook na blogu yako. Mtu anayeiweka hadithi yake hadharani wiki mbili baada ya kuituma, kwa nia njema tu ya kuwaonjesha marafiki, anaweza kuwa amejiondoa mwenyewe kwenye shindano. Hata kundi la WhatsApp lenye watu 200 si mahali pa faragha, kwa maana ujumbe ukishapelekwa mbele hauna mwenyewe. Kama unataka maoni, mpe mtu mmoja au wawili unaowaamini wasome kwenye karatasi. Kuhusu kuituma hadithi hiyo hiyo kwenye shindano la pili, soma kanuni za yote mawili: yapo yanayokubali kwa sharti la kuarifiwa mara kazi inapopata nafasi kwingine, na yapo yanayokataa kabisa. Pale kanuni zinaponyamaza, ni salama zaidi kutuma hadithi nyingine.

Anza hadithi nyingine wiki hiyo hiyo

Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoyasema na nitakayoyasema. Mwandishi mwenye hadithi moja tu ameweka matumaini yake yote mikononi mwa watu asiowajua. Mwenye hadithi ya pili inayoendelea ana mahali pa kurudi kila asubuhi, na hata matokeo yakija vibaya yatamkuta katikati ya kazi.

Usisubiri wazo kubwa. Chukua tukio moja dogo unaloliona kila siku na ulikazie macho mpaka liseme. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Sahare anayemsubiri mumewe aliyekwenda kuvua. Rasimu ya kwanza ya wengi wetu ingesema: “Mama Rukia alihuzunika sana na kujawa na wasiwasi alipoona chombo hakirudi.” Sentensi hiyo inatupa hukumu bila kutuonyesha kesi. Sasa tujaribu hivi: “Mama Rukia alikoka moto mara ya tatu, akateleka sufuria ile ile, akaiepua kabla maji hayajachemka, akaenda tena mlangoni.” Neno wasiwasi limeondoka, na wasiwasi wenyewe umeingia. Msomaji anauona mkono unaoteleka na kuepua bila sababu, na anajua mwenyewe kwamba mawazo ya huyu mama hayako jikoni. Zoezi la namna hii, la kutafuta sentensi tano zinazotaja hisia kwa jina katika kazi yako ya zamani na kuzigeuza ziwe vitendo, linakufaa sana katika kipindi hiki. Lifanye katika hadithi za zamani, lakini si katika ile iliyotumwa.

Kipindi hiki ni cha kusoma pia. Maktaba ya Mkoa hapa Tanga ina utulivu ambao nyumba zetu nyingi hazina, hasa nyumba yenye watoto na redio, na mtu anaweza kukaa humo asubuhi nzima kwa gharama ndogo kuliko ya bando la wiki. Soma kazi zilizoshinda katika shindano uliloshiriki kama zimechapishwa, ukijiuliza mwandishi ameanzia wapi, ameficha nini na amekifichua lini. Usisome kwa nia ya kuiga ladha ya waamuzi, kwa kuwa waamuzi hubadilika mwaka hadi mwaka.

Kisha tafuta masikio. Kama una wenzako watatu wanaoandika, kubalianeni siku moja ya wiki, baada ya alasiri, kwenye baraza ya mmoja wenu pale Ngamiani au popote penye kivuli, kila mmoja asome kurasa mbili kwa sauti. Kiswahili ni lugha inayosikika kabla ya kusomwa. Sentensi iliyokaa vibaya hujitangaza yenyewe pale msomaji anapokata pumzi katikati yake au pale msikilizaji anapouliza, “Nani huyo aliyeingia?” Alama hizo mbili, pumzi iliyokatika na swali la msikilizaji, zitie mstari papo hapo kwenye karatasi na uendelee kusoma. Marekebisho yafanyike nyumbani, kwa sababu mjadala wa sentensi moja unaweza kumaliza jioni yote.

Wapo watakaosema hawana nafasi kwa sababu ya ajira au biashara. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, ikiwamo ile aliyokuwa karani wa forodha Pangani, na aliandika akiwa kazini na baada ya kazi. Nusu saa kabla ya alfajiri au baada ya isha, ikitunzwa kila siku, huzaa rasimu ya hadithi fupi ndani ya mwezi.

Wanaokuuliza na wanaokutapeli

Kwa wanaokuuliza kwa mapenzi, andaa jibu moja fupi na ulishike. Mama wa jirani akikuuliza, “Mwanangu, ile hadithi yako vipi, washasema?” mjibu, “Bado mama, wakitangaza nitakuja kukwambia mwenyewe.” Ahadi hiyo inampa heshima yake, na inakuepusha kueleza upya kila siku.

Kwa matapeli uwe mkali. Ukipokea ujumbe kwamba umeshinda na kwamba zawadi itatolewa baada ya kutuma ada ya usajili, kodi au gharama za benki kwa namba fulani, ujue ni wizi. Waandaaji wa kweli hawamtozi mshindi fedha ili wampe fedha. Upeleke ujumbe huo kwenye namba 15040, ya kuripoti utapeli wa simu, na usimjibu aliyeutuma.

Siku ya matokeo

Orodha ikitoka, isome yote mpaka mwisho hata kama jina lako halimo, na uwapongeze unaowafahamu siku hiyo hiyo. Ikiwa umeingia katika orodha ya walioteuliwa tu, hilo ni jambo la kuandikwa katika wasifu wako, kwani wachapishaji hulizingatia.

Ukishinda, furahi na wenzako, lakini usisaini mkataba wowote kwa furaha. Hakimiliki ya kazi yako ni yako tangu ulipoiandika, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hudumu katika uhai wako na miaka 50 baada ya kifo chako. Kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, hakuizai haki hiyo ila hukupa ushahidi ukihitajika. Angalia mkataba unataka haki zipi: ya kuchapisha kitabu, ya kutafsiri, ya kutengeneza filamu au mchezo wa redio. Uliza mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kitabu anayolipwa mwandishi, ni asilimia ngapi, unahesabiwa kwenye bei gani, na hulipwa mara ngapi kwa mwaka. Kipengele usichokielewa mpelekee mwanasheria au mwandishi aliyekwisha kuchapisha.

Usiposhinda, usiombe maelezo ya waamuzi isipokuwa kanuni zinasema yanatolewa, na usiuguse mswada siku ya hasira. Uache kwa wiki tatu au nne. Ukirudi kwake, fungua kwanza ule ukurasa wa daftari ulioandika makosa uliyoyakumbuka, usome mswada wote kwa sauti mbele ya wenzako wa barazani, kisha uamue. Kama wasikilizaji walichoka katika kurasa zile zile ulizozitilia shaka, ukate hapo. Kama walisikiliza mpaka mwisho na kutaka kujua kilichofuata, hadithi ni nzima na ilikutana tu na hadithi nyingine nzima. Tafuta shindano lingine au mchapishaji anayepokea kazi za aina hiyo, hakiki idadi ya maneno, sharti la kutochapishwa na tarehe ya kufungwa, badilisha jina la faili kama wanavyotaka, ondoa jina lako ndani ya mswada ikiwa wanasoma bila kumjua mwandishi, na uutume angalau siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu siku ya mwisho ndiyo siku ambayo mtandao huzidiwa na umeme hukatika.