Marseille kwa mtu wa pwani: siku za kutembea hupangwa na upepo

Kwenye kibanda cha tiketi pale Vieux-Port, bandari kongwe ya Marseille, palikuwa pamebandikwa karatasi moja: leo mashua haziendi. Nikatazama juu. Anga buluu tupu, jua linawaka, wingu hata moja halipo. Kwetu Tanga bahari ikitaka kuchafuka unaiona inakuja, mbingu inafunga na wavuvi wanavuta ngalawa juu. Pale upepo ulikuwa unavuma katikati ya mwangaza, unapeperusha kofia za watu, na wanangu wawili wameshavaa nguo za kuogelea, wananiuliza tunaondoka saa ngapi. Tulikuwa na siku mbili tu mjini, na zote nilikuwa nimezipangia bahari.

Ilikuwa Agosti. Mimi naishi Hamburg, dada yangu mkubwa yuko Birmingham, na tulitaka mji ambao watoto wa nyumba zote mbili wangekutana na kuona bahari yenye joto. Tumerudi Marseille mara mbili baada ya hapo, na jamaa wakiniuliza juu ya safari hiyo, jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: panga siku nne, na moja kati ya hizo usiipangie kitu.

Makaratasi kwanza

Kama una kibali cha makazi cha nchi yoyote ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kama changu cha Ujerumani, unaingia Ufaransa bila viza kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba kibali chenyewe na pasipoti, vyote viwili, si picha kwenye simu. Wengi hukosea hapa: makazi ya Uingereza, Marekani, Kanada au nchi za Ghuba hayakupi ruhusa ya kuingia Schengen kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda. Dada yangu amekaa Birmingham miaka mingi na bado ilimlazimu kuomba viza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku zilizobaki zisiwe chini ya 15. Bima ya safari iwe ya kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Kama unapita nchi zaidi ya moja, ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi: siku nne Marseille na mbili Barcelona, basi ni Ufaransa.

Dada alianza kutafuta miadi ya kupeleka ombi mwezi Mei kwa safari ya Agosti. Kila alipofungua ukurasa, nafasi hakuna. Aliipata Julai, na pasipoti ikamrudia siku mbili kabla ya ndege, sote roho juu. Anza mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Ukifikia kwa ndugu badala ya hoteli, viza itadai hati iitwayo attestation d'accueil, ambayo mwenyeji wako ndiye anayeiomba kwenye ofisi ya manispaa ya anakoishi. Mwambie mapema, maana naye ana foleni yake. Wenye pasipoti za Uingereza, Marekani au Kanada hawaombi viza, lakini tangu Oktoba 2025 mipakani wameanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo mkifika kwa ndege ongezeni muda wa kusimama.

Upepo, na bahari isiyopwa

Upepo ule unaitwa mistral. Hushuka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, mkavu na wa baridi, na ukianza unaweza kuvuma siku moja au siku kadhaa mfululizo. Sisi tumezoea pepo zenye adabu: kusi ina miezi yake, kaskazi ina miezi yake, hata matlai unajua utayapata wakati gani. Mistral hauna ahadi. Ukivuma, mashua za kwenda kisiwa cha If na visiwa vya Frioul husimama. Vilevile maji yenyewe hubadilika, kwa sababu upepo husukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua hadi mbali, na ya chini yenye baridi yakapanda kushika nafasi yake. Jana watoto wameoga hadi Magharibi, leo wakichovya mguu wanaurudisha.

Kwa hiyo fungua utabiri wa upepo kila usiku. Siku ya kwanza tulivu utakayoipata, hata kama ndiyo siku umefika na umechoka, nenda baharini. Makumbusho na masoko weka kwa siku ya upepo.

Kitu kingine kitakushangaza: bahari ile haipwi. Mtoto wa pwani huuliza bamvua ni lini kabla hajauliza kitu kingine, na pale jibu halina kazi, maana tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kama shubiri moja. Ufuko ulioukuta asubuhi ndio utakaoukuta jioni. Lakini pia hakuna mwamba wa nje wa kuvunja mawimbi kama kwetu, na penye majabali kina huanza palepale ukingoni. Wenye watoto wadogo waende Catalans, ufuko wa mchanga unaofikika kwa miguu kutoka Vieux-Port, au fukwe za Prado kwa basi namba 83, ambalo hupita njia yote kandokando ya bahari.

Majira bora ni Mei, Juni na Septemba. Mimi nachagua Septemba, maji yakiwa bado na joto la kiangazi na watu wamepungua. Julai na Agosti bei hupanda na joto hukaa ndani ya nyumba usiku kucha.

Kufika na kulala

Kutoka Paris, treni ya kasi inachukua saa tatu na ushei, na tiketi ikikatwa wiki kadhaa mbele huwa rahisi sana kuliko ya dakika ya mwisho. Kutoka uwanja wa ndege, basi linakufikisha stesheni ya Saint-Charles kwa takriban nusu saa. Ukitoka stesheni usikimbilie metro. Simama juu ya zile ngazi 104, mji wote uko chini yako, na kule juu ya kilima ng'ambo utaliona kanisa la Notre-Dame de la Garde na sanamu yake ya dhahabu. Kisha shuka polepole. Chini, huku na huku, kuna masanamu ya wanawake waliolala, mmoja Afrika na mmoja Asia, yaliyochongwa enzi Ufaransa ikijivunia makoloni yake. Dada alisimama mbele ya yule wa Afrika kitambo kizuri, mkoba begani, hakusema neno.

Metro ina njia mbili tu, na ukilala karibu na mojawapo umejiondolea shida nusu. Vieux-Port, Castellane na mitaa ya karibu na Cours Julien inafaa. Majengo mengi ni ya zamani, kwa hiyo kabla ya kulipia nyumba ya siku chache uliza mambo mawili: kuna lifti? Kuna kipoza hewa? Sisi tulikodi nyumba ambayo tangazo lake halikutaja ghorofa. Ilikuwa ya tano, ngazi nyembamba, na mtoto wa dada bado yuko kwenye kigari.

Mashua iliyoshonwa

Wageni wengi huishia kwenye Mucem, lile jumba la zege lililotobolewa kama kimia, lililofunguliwa mwaka 2013 mdomoni mwa bandari. Ni pazuri, na bustani za ngome ya Saint-Jean iliyoungana nalo kwa daraja jembamba hazina kiingilio. Hufungwa Jumanne. Lakini kama una saa mbili tu za makumbusho, nakuomba uzitumie Musée d'Histoire, nyuma ya jengo la maduka la Centre Bourse, hatua chache kutoka bandarini. Ni la manispaa, makusanyo yake ya kudumu hayalipiwi, na Jumatatu limefungwa.

Marseille ilianzishwa kama mwaka 600 kabla ya Kristo na mabaharia wa Kigiriki waliotoka Phokaia, pwani ambayo leo ni Uturuki. Mwaka 1993, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya mashua chini ya uwanja wa Jules-Verne, jirani na bandari, ikiwemo moja ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Sasa imelazwa ndani ya makumbusho. Nilipoinama nikaona ubao umetobolewa matundu madogo madogo ukingoni, yamepangana sawasawa, mahali uzi wa kitani ulipopita kuukamata ubao wa pili. Mashua imeshonwa. Nikamwita dada kwa sauti ambayo haifai makumbusho: "Dada, njoo uone mtepe!" Ule mtepe wa Lamu tuliofundishwa shuleni, mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, sikuwahi kuuona mzima kwa macho. Nikaja kuona ndugu yake huko, umri wake zaidi ya miaka 2,500. Watoto walihesabu matundu hadi wakapoteza hesabu.

Noailles, na jamaa zetu wa Ngazija

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi soko la Noailles. Hapa ndipo utakapokula vizuri kwa pesa ndogo, ndipo penye nyama halali kila kona, muhogo, ndizi za kupika, bamia, na viungo vimelundikwa kwenye magunia. Na hapa, kama utatega sikio, utasikia lugha ambayo utaielewa nusu bila kufundishwa. Marseille ina makumi ya maelfu ya Wakomoro. Mababu wa baadhi yao walikuja wakifanya kazi melini, enzi meli za Messageries Maritimes zikitoka Marseille, zikapita Suez, zikagusa Mombasa na Zanzibar na kuendelea hadi Komoro na Madagaska.

Nilinunua muhogo kwa mama mmoja aliyejifunga leso. Nikampa pesa, akanikabidhi mfuko akasema: "Marahaba." Nikashtuka, maana sikuwa nimemwamkia, na umri wake ulistahili shikamoo. Kumbe kwao marahaba ni asante. Tukacheka wote wawili, nikampa shikamoo yake, na tukazungumza yeye kwa Kingazija, lugha ya kwao Komoro, na mimi kwa Kiswahili, hapa tunapotezana, pale tunakutana, hadi foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika.

Ukipita mtaa wa Aubagne uliopo hapohapo, punguza mwendo. Tarehe 5 Novemba 2018 majengo chakavu yaliporomoka pale na watu 8 walikufa. Wakazi hawajasahau, na si mahali pa kujipiga picha za kuchekesha.

Sabuni ya Marseille, ile ya mchemraba, tafuta iliyoandikwa 72%, ambacho ni kiasi cha mafuta. Karne ya 19 wafanyabiashara wa mji huu walinunua ufuta na mbata hadi Zanzibar kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta na sabuni, kwa hiyo nilipompelekea mama yangu vipande viwili nilimwambia vimerudi kwao.

Calanques, mashua na chakula

Calanques ni hori nyembamba za bahari zilizobanwa na majabali meupe ya chokaa, kusini mwa mji. Ni hifadhi ya taifa tangu 2012. Kiangazi, kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, njia hufungwa siku yenye hatari ya moto, na uamuzi hutangazwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Programu ya hifadhi iitwayo Mes Calanques inaonyesha. Hori ya Sugiton inahitaji nafasi iliyowekwa mtandaoni katika siku za msongamano. Hailipiwi, ila mwisho ni watu 400 kwa siku, kwa sababu nyayo zilikuwa zimeumaliza udongo hadi mizizi ya misonobari ikabaki nje. Beba lita mbili za maji kwa kila kichwa, hakuna bomba wala duka njiani. Viatu viwe vya kushika mwamba. Mtu mzima mwenye magoti mabovu asishuke, kupanda kurudi ndiko kugumu.

Supu maarufu ya samaki, bouillabaisse, ile ya mikahawa yenye jina ni ghali na huandaliwa kwa kuagiza mapema. Sikushurutishi. Asubuhi nenda ukingoni mwa Vieux-Port uwaone wavuvi wakiuza samaki wao mezani. Simu yako usiiache juu ya meza ya mgahawa, na ndani ya metro mkoba uwe mbele ya kifua.

Watalii hulipa pesa nyingi kwa mashua za matembezi. Wenyeji wana mashua za usafiri wa umma, zinazosafiri kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi kiishe, kutoka Vieux-Port kwenda Pointe Rouge upande mmoja na L'Estaque upande wa pili, kwa nauli ndogo. Kwenda L'Estaque ni kama dakika 40. Safari yetu ya pili bahari ilikuwa kioo, tukapanda hiyo, watoto wakakaa nje wakirushiwa maji ya chumvi usoni. Kule vibanda vya ukingoni vinakaanga panisse, vipande vya unga wa dengu, nje vikavu na ndani laini, vya moto kwenye karatasi. Tia chumvi, kula umesimama. Ila kabla hujaenda kununua, soma saa ya mashua ya mwisho kwenye ubao wa gatini, na uwe umepanga foleni robo saa mbele, maana ikijaa haisubiri, na utarudi mjini kwa basi.