Kuweka msimbo wa ICD-10 kwa zile sisti za mdomoni ambazo huzioni kila siku

Sisti ni kifuko chenye majimaji kinachoota mwilini, na ICD-10 ni orodha ya misimbo ya magonjwa. Sisti nyingi zinazopita mezani kwetu sisi waweka misimbo ni zile za kwenye mzizi wa jino lililokufa, hizo ni K04.8, unaandika hata ukiwa unasinzia. Shida inaanza faili likija na jina geni, hapo utakuta watu wanabandika K09.9 afu wanasonga mbele. Jamani hapana. K09.9 ni sisti ya mdomo isiyoelezwa, sasa daktari kaandika jina kamili na majibu ya patholojia (kipande kilichochunguzwa maabara) yameambatanishwa, wewe unaweka "haijaelezwa", bima wakirudisha dai utasema wanakuonea?

Hatua ya 1: jua unatumia kitabu kipi
Kuna ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) na kuna ICD-10-CM ya Marekani, kwa kifupi CM, wale mnaofanya kazi za hospitali za kule kwa mtandao mnaijua. Zinafanana mpaka unajiamini kabisa, afu zinakuchenga hapo hapo kwenye taya. Kwa WHO, sisti nyingine za taya, mfano ya aneurizimu (iliyojaa damu) au ile inayotokana na kuumia, ni K09.2. Kwenye CM hiyo namba haipo, wamezihamishia M27.4 na lazima umalizie na tarakimu moja zaidi: M27.40 kama haijaelezwa, M27.49 kama ni aina nyingine. Ile ya Stafne (kishimo kwenye mfupa wa taya la chini) kwa WHO ni K10.0, kwa CM ni M27.0. Kwaiyo ukigugo haraka haraka angalia kwanza ukurasa ni wa kitabu gani, maana mara nyingi linalotangulia ni la Kimarekani.

Hatua ya 2: tafuta imetokana na nini, sio imekaa wapi
Hapa ndo kazi yenyewe. Chukua maneno "uvimbe chini ya ulimi", yanaweza kuwa ya wagonjwa watatu wenye misimbo mitatu tofauti kabisa. Kama ni ranula, yaani mate yamejikusanya kutoka kwenye tezi, ni K11.6, na hata ikishuka mpaka shingoni inabaki hiyo hiyo. Kama patholojia imesema dermoidi au epidermoidi (sisti zenye ukuta kama wa ngozi), hiyo ni K09.8, na sisti ya limfoepitheliali ya mdomoni (yenye tishu za limfu) nayo inakaa humo. Ila kama ni mabaki ya mfereji wa tezi ya thairoidi unatoka kabisa kwenye sura ya K, unaenda Q89.2 kwenye magonjwa ya kuzaliwa nayo.

Juu ya kinywa, nyuma ya meno mawili ya mbele, kuna sisti ya nasopalatini, K09.1. Kwenye eksrei mara nyingi ina umbo la kopa na inaweza kukudanganya ukadhani ni ya mzizi wa jino. Soma maelezo ya daktari wa meno, kapima kama meno yako hai? Yakiwa hai, K04.8 inaanza kuwa na mashaka. Sisti inayozunguka taji la jino ambalo halijatoka ni K09.0, hiyo haina stori nyingi.

Hatua ya 3: keratosisti iangalie mara mbili
Hii ni sisti ya taya yenye keratini ndani, na imehamahama. Mwaka 2005 WHO iliiita tumori, mwaka 2017 ikarudishwa kwenye sisti. CM yenyewe bado inakutoa K09.0 na kukupeleka D16.4 kama ni taya la juu, D16.5 kama ni la chini, kwaiyo bila kujua taya huwezi kumaliza. Kwa WHO fungua toleo mnalotumia hapo kazini usome orodha iliyo chini ya K09.0, usitegemee kichwa.

Hatua ya 4: majibu ya patholojia hayajarudi
Kwa WHO, kama mpaka mwisho wa matibabu imebaki "inahisiwa ni" na hakuna taarifa nyingine, unaweka msimbo kama vile imethibitika. Kwa Marekani mgonjwa wa nje hapana, unaweka dalili tu, mfano R22.0 ya uvimbe wa kichwani. Mkichanganya hizi mbili mtakuwa mnabishana ofisini siku nzima.

Hatua ya 5: muulize daktari
Hasa akiandika globulomaksila, jina la sisti ya taya la juu kati ya jino la pili na la tatu. Kitabu bado kinaiweka K09.1, ila wataalamu wa sasa hawaihesabu tena kama sisti ya peke yake, zikichunguzwa nyingi zinageuka kuwa ya mzizi, ya pembeni ya jino au keratosisti. Usimpangie jibu, uliza kifupi hivi:

"Shikamoo dokta. Faili la mgonjwa wa jana, sisti ya taya la juu kati ya jino la pili na la tatu. Patholojia imesema ni ya aina gani, na jino la jirani lilikuwa hai? Nasubiri jibu lako ndo nifunge dai."