Mirathi kwa kadhi, Lamu na Malindi: ya kufanya kabla ya kufungua kesi

Kaeni warithi wote muulizane kwanza: je, sote ni Waislamu, na sote twaridhia kuhukumiwa na kadhi? Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yataka yote mawili. Ridhaa iandikwe na kila mmoja atie sahihi, hata dada aliyeolewa mbali. Mkiliacha hili, mashamba yatagawanywa kisha mmoja aende Mahakama Kuu Malindi kudai hakuridhia, na kazi ianze upya.

Wapo wanaodhani kwamba wakimkwepa kadhi, binti atapata sawa na ndugu yake wa kiume. Sivyo. Kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kimewatoa Waislamu katika mgao wa kiserikali, kwa hiyo jaji naye hurudi kwenye mafungu ya Qur'ani. Ibara ya 27 ya Katiba yaahidi usawa. Ya 24(4) yaupunguza kwa ndoa, talaka na mirathi mbele ya kadhi, tena kwa kiasi kisichoepukika tu.

Kusanya cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, vitambulisho, cheti cha ndoa, na hatimiliki iliyohakikiwa kwenye ofisi ya ardhi. Kama marehemu alijenga juu ya ardhi ya mwingine, andika nyumba peke yake. Shamba la minazi likiwa wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya Mungu, litoe kwenye orodha; wakfu haurithiwi.

Kabla ya kugawa, toa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Mahari ambayo mke hakulipwa ni deni, naye huyapata kabla ya fungu lake. Wajane wengi hawalitaji hili, na haki yao hupotea kimya kimya.

Tuseme zimebaki shilingi 960,000, na marehemu ameacha mke, mama, mwana mmoja na mabinti wawili. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, 120,000. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita, 160,000. Zilizosalia, 680,000, hufanywa mafungu manne: mwana mawili, 340,000, na kila binti moja, 170,000.

Usifiche mtoto. Fikihi ya Kishafi, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, haimruhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kumrithi baba yake. Lakini Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa namna hiyo wa baba Mwislamu wasinyimwe urithi wake. Hapa ndipo Katiba na fikihi zinapogongana waziwazi, na ukimwacha nje ya orodha unamfungulia mlango wa rufaa.

Mke Mkristo hamrithi mume Mwislamu, wala kadhi hana mamlaka juu yake. Mume aliye hai aweza kumwandikia wasia ndani ya theluthi.

Mzazi anayetaka binti zake wapate zaidi ana njia halali: hiba, yaani zawadi anayoitoa akiwa hai. Lamu ni desturi ya zamani kumpa binti nyumba anapoolewa. Ila maneno ya barazani hayatoshi. Atamke mbele ya mashahidi, binti akubali, akabidhiwe funguo na kuishi au kukodisha kwa jina lake, na hatimiliki ihamishwe baba akiwa hai. Jina la baba likibaki kwenye hati, ndugu watapinga, na huenda nyumba ikarudi kwenye mirathi.