Kusoma nyumba ya Kiingereza ya fremu ya mbao: anza na viungo, si rangi

Muthaiga na Karen, mitaa ya Nairobi, kuna nyumba zenye mbao nyeusi juu ya plasta nyeupe, na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, ina uso wa mtindo huohuo. Kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba jengo ni la fremu ya mbao, simama kwenye kona ya nje. Ukiona mbao mbili nyembamba zimekutana konani, kila moja imepigiliwa ukutani kwake, hilo ni pambo juu ya mawe. Fremu ya kweli ina nguzo moja nene inayoonekana pande zote mbili, na kwa kawaida utaikuta tena ndani ya chumba, mahali palepale.

Pambo huharibika kwa maji. Mvua ya masika hupenya nyuma ya ubao, unyevu unakwama, mbao inaoza na mchwa wanaingia. Bonyeza ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa chini. Ikizama bila nguvu, ng'oa ubao wote. Ubao mpya uchonge mteremko ukingoni juu, maji yamwagike nje.

Nyumba za Uingereza zenyewe, za karne ya 15 na 16, nyingi ni za mwaloni uliochongwa ukiwa mbichi. Mbao ilikauka ikiwa imeshasimama, ndiyo maana imepinda na kupasuka kwa urefu. Nyufa hizo si kuoza. Kiungo ni ulimi ndani ya tundu, kilichofungwa kwa kigingi cha mbao. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa pembeni kidogo ya mstari, ili kigingi kikipigwa kiuvute ulimi ndani. Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito na udongo, na fundi wa nyumba za udongo hapa kwetu ataitambua kazi hiyo mara moja.

Sasa washa tochi, uimulike kwa ubavu karibu na viungo. Utaona namba za Kirumi zilizochongwa kwa patasi. Fremu ilipangwa kwanza chini kwenye karakana, ikapewa alama, ikafunguliwa, kisha ikasimamishwa kiwanjani. Nne huandikwa IIII, kwa sababu IV ikigeuzwa juu chini inafanana na VI. Chora kila alama mahali pake. Mfuatano ukikatika, huenda sehemu imebomolewa au kuongezwa. Matundu matupu nayo yanaonyesha mbao iliyoondolewa, au mbao iliyotoka jengo jingine. Usikimbilie kusema ilitoka kwenye meli. Hadithi hiyo inapendwa sana na mara nyingi haina ushahidi.

Panda darini. Masizi kwenye kenchi za zamani yanaonyesha ukumbi ulikuwa wazi hadi paani, moto ukiwaka sakafuni. Bomba la moshi na ghorofa viliingizwa baadaye. Rangi nyeusi na nyeupe usiitumie kukadiria umri, maana nyumba nyingi zilipakwa hivyo karne ya 19.

Mwaka wenyewe hutafutwa kwa kuhesabu pete za mti. Sampuli ichukuliwe penye mbao ya nje iliyokuwa chini ya gome, sehemu ambayo wadudu huila kwanza. Bila pete ya mwisho chini ya gome, unapata makadirio tu ya mwaka mti ulipokatwa.

Ukirekebisha, tumia plasta ya chokaa. Simiti huzuia unyevu kutoka, na mhimili wa chini huoza kimyakimya nyuma yake.